Rejista, Shamba na Mtihani: Historia ya Kutohudhuria Masomo katika Shule za Msingi za Vijijini Busoga, Uganda, 1925–2022

Utangulizi

Shule ya msingi ya kijijini nchini Uganda huandikwa mara mbili kwa mwaka katika kumbukumbu za dola. Mara ya kwanza ni pale idadi ya wanafunzi waliosajiliwa inapopelekwa wilayani na baadaye wizarani, ili ruzuku ya shule ikokotolewe. Mara ya pili ni pale Baraza la Taifa la Mitihani linapotangaza matokeo ya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi. Kati ya maandishi hayo mawili zipo siku za kawaida za masomo, zile za Jumanne ya mwezi wa sita ambapo madawati mengine yamejaa na mengine yako wazi. Siku hizo zimeandikwa katika daftari moja tu, yaani rejista ya darasa, na daftari hilo mara chache huvuka kizingiti cha ofisi ya mwalimu mkuu.

Makala hii inaifuatilia historia ya siku hizo katika vijiji vya Busoga, mashariki ya Mto Naili. Tafiti nyingi kuhusu mahudhurio na ufaulu huchukua asilimia ya mahudhurio ya mwaka mmoja, zikailinganisha na alama za mwaka huohuo, kisha zikatoa hukumu. Hukumu hiyo kwa kawaida ni sahihi, kwani mtoto asiyekuwepo darasani hujifunza kidogo. Lakini haimsaidii mshauri wa sera, kwa sababu haimwelezi ni kutohudhuria kwa aina gani. Hoja yangu ni kwamba sababu za mtoto wa kijijini kukosa shule zimebadilika kwa awamu, na kila awamu ilikuja na namna yake ya kuhesabu na namna yake ya kuficha. Tukizichanganya awamu hizo tutaendelea kutibu ugonjwa wa babu kwa dawa tunayompa mjukuu.

Nimeichagua Busoga kwa sababu mbili. Kwanza, ni eneo ambalo uchumi wake wa shamba ulihama kutoka zao moja la biashara kwenda jingine lenye kalenda tofauti kabisa. Pili, liko jirani na mpaka wa Kenya, na ng'ambo ya mpaka huo, katika wilaya ya Busia, ndiko ulikofanyika utafiti unaotajwa kuliko wote duniani kuhusu mahudhurio ya shule za msingi. Nitaurejea utafiti huo baadaye.

Kuhusu neno utoro

Kiswahili cha shule kina neno lake tayari, nalo ni utoro. Katika pwani ya karne ya 19 mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na watoro walijenga makazi yao wenyewe bara, Witu ikiwa mojawapo ya mahali walipokimbilia. Neno lilipoingia shuleni liliingia na mashtaka yake: mtoro ni mtu aliyekimbia mahali alipopaswa kuwa, na kosa ni lake. Kwa mtoto aliyeamua kwenda kuvua samaki badala ya kusoma hesabu, neno hilo linafaa. Kwa mtoto aliyerudishwa nyumbani na mwalimu mkuu kwa kukosa karo, halifai hata kidogo, maana huyo hakukimbia, alifukuzwa. Hata hivyo rejista humpa alama ileile. Ndiyo maana hapa ninatumia kutohudhuria kama jina la jumla, na utoro pale tu ambapo uamuzi ulikuwa wa mtoto. Suala hili lina uzito zaidi ya msamiati, kwa sababu ripoti inayoanza na neno utoro huishia kupendekeza adhabu.

Karo mlangoni

Serikali ya kikoloni ya Uganda ilianzisha Idara ya Elimu mwaka 1925, mwaka mmoja baada ya Tume ya Phelps-Stokes kutembelea Afrika Mashariki. Kabla ya hapo shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Katika Busoga walikuwa hasa Waanglikana wa CMS na Wakatoliki wa Shirika la Mill Hill, waliofika Uganda mwaka 1895. Kuundwa kwa Idara hakukuziondoa shule mikononi mwao. Kulileta ruzuku, ukaguzi, na pamoja na ukaguzi, haja ya kuhesabu.

Karo ililipwa kwa pamba. Mbegu za pamba zilikuwa zimeanza kusambazwa kwa wakulima wa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1900, na reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, ilifunguliwa mwaka 1912 ili kuisafirisha. Mkulima alipata fedha taslimu pale pamba iliponunuliwa, na fedha hiyo ilikuwa na wadai wengi, kodi ya kichwa ikiwa ya kwanza. Kwa hiyo mtoto aliweza kuhudhuria muhula mmoja na kukosa uliofuata bila ya yeye wala mwalimu kuwa na neno la kusema. Shule iliyokuwa nusu tupu haikuwa lazima shule iliyodharauliwa na wazazi. Huenda ilikuwa shule iliyotamaniwa na wengi kuliko walioweza kuilipia.

Kutohudhuria kwa awamu hii kulikuwa na sifa moja ambayo mtafiti wa leo anapaswa kuikumbuka: kulionekana. Aliyekosa karo alikuwa nje ya lango, jina lake likakatwa, na idadi ya waliosajiliwa ikapungua. Rejista na hali halisi vilikaribiana. Kamati iliyoongozwa na Bernard de Bunsen mwaka 1952 ilitaka walimu waboreshwe na elimu ya wasichana ipanuliwe. Tume ya Castle ya mwaka 1963, katika nchi iliyokuwa imepata uhuru karibuni, ilifanya kazi yake wakati serikali ikihitaji kwa haraka watumishi wenye elimu ya sekondari, na huko ndiko fedha zilikoelekezwa. Shule ya msingi ya kijijini iliendelea kuishi kwa karo.

Miaka ya 1970 na 1980 iliizidishia mzigo huo. Chini ya utawala wa Idi Amin na katika vita vilivyofuata, mishahara ya walimu ilipoteza thamani na serikali ikawa jina tu katika vijiji vingi. Vyama vya wazazi na walimu vilijaza nafasi hiyo: vilijenga madarasa, vikanunua chaki, vikaongeza posho za walimu. Lakini mchango wa wazazi nao ni karo kwa jina jingine, na mtoto wa mzazi asiyechangia alirudishwa nyumbani vilevile.

Jinsi dola ilivyojitenga na shule zake ilibainika katikati ya miaka ya 1990, wafuatiliaji wa matumizi ya umma walipotembelea shule 250. Waligundua kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya fedha zisizo za mishahara ambazo serikali kuu ilikuwa imezitoa kwa ajili yao. Ugunduzi huo umesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya rushwa. Kwa mada yetu, jambo la pili lililofichuliwa na ufuatiliaji huohuo lina uzito zaidi: takwimu rasmi zilionyesha kwamba uandikishaji ulikuwa umedumaa, ilhali daftari za shule zenyewe zilionyesha ongezeko kubwa. Kampala haikujua ni watoto wangapi walikuwa wakisoma. Nchi iliingia katika elimu bila karo ikiwa na hesabu ambayo tayari ilikuwa imekatika kati ya darasa na wizara.

Mwaka 1997 na hesabu mpya

Tume iliyoongozwa na William Senteza Kajubi, iliyoundwa mwaka 1987 na kutoa ripoti mwaka 1989, ilipendekeza elimu ya msingi kwa wote, na Waraka wa Serikali wa mwaka 1992 ukalipokea pendekezo hilo kwa tahadhari ya bajeti. Uchaguzi wa rais wa mwaka 1996 uliondoa tahadhari. Kuanzia Januari 1997 watoto wanne wa kila familia waliruhusiwa kusoma bila kulipa karo, na baadaye kikomo hicho kikaondolewa. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka milioni 3 na ushei mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5 mwaka 1997, na kuzidi milioni 7 miaka michache baadaye. Tanzania ilifuta ada mwaka 2001 na Kenya mwaka 2003, nazo zikashuhudia mafuriko ya aina hiyo.

Badala ya karo ilikuja ruzuku. Mwanzoni ilikuwa shilingi 5,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa darasa la kwanza hadi la tatu, na 8,100 kwa wa darasa la nne hadi la saba. Hapa ndipo kutohudhuria kulipobadilika sura. Zamani mtoto asiyekuwepo aliigharimu shule karo. Sasa mtoto aliyesajiliwa aliiletea shule ruzuku, awepo au asiwepo. Mwalimu mkuu mwenye watoto 900 katika orodha na 600 madarasani hakuwa na sababu yoyote ya kifedha ya kuitangaza tofauti hiyo, na alikuwa na sababu nzuri za kuinyamazia, kwani ruzuku yenyewe haikutosha hata kwa chaki. Tatizo la wanafunzi hewa, lililoilazimu serikali kurudia kuhesabu vichwa, ni tawi moja tu la mti huu, tena lile la kihalifu. Shina lake ni halali kabisa: ni kanuni ya malipo inayofuata jina badala ya mtoto.

Kundi la kwanza la elimu bila karo linaonyesha matokeo yake. Takriban watoto milioni 2.1 waliandikishwa darasa la kwanza mwaka 1997. Mwaka 2003, walipotarajiwa kuwa darasa la saba, darasa hilo lilikuwa na wanafunzi wasiofika nusu milioni, yaani takriban asilimia 22. Takwimu hii hutumiwa ovyo, na inafaa kuitetea dhidi ya wanaoipenda kupita kiasi. Darasa la kwanza la mwaka 1997 halikuwa la kawaida. Liliwabeba watoto wa umri mkubwa waliokuwa wamesubiri miaka mingi, na baadhi yao hawakukusudia kamwe kufika darasa la saba. Wengine walirudia madarasa, wengine wakahamia shule binafsi, na kaskazini kulikuwa na vita. Lakini hata tukiwatoa wote hao, bado kuna kundi kubwa ambalo halikufukuzwa na mtu yeyote. Liliondoka polepole, siku moja kwa wiki, kisha mbili, hadi likawa haliji.

Pamba ina msimu, muwa hauna

Walikwenda wapi? Katika Busoga sehemu ya jibu iko shambani, na hapa inapasa kutofautisha mashamba.

Pamba ilihitaji mikono mingi kwa muda mfupi. Uchumaji wake ulianza miezi ya mwisho ya mwaka na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka uliofuata, hivyo sehemu yake kubwa iliangukia likizo ndefu. Mtoto alichuma pamba ya wazazi wake, akakosa wiki kadhaa, akarudi. Palizi ilimchukua siku nyingine katikati ya mwaka. Mwalimu aliyeijua kalenda ya kijiji aliweza kukisia lini darasa lingekuwa tupu na lini lingejaa, na mwenye busara aliyapanga majaribio yake kwa kuifuata.

Muwa ulikuwepo Busoga tangu zamani, kwani kiwanda cha Kakira kilianza mwaka 1930, lakini kwa miongo mingi ulikuwa zao la shamba kubwa la kiwanda. Kuporomoka kwa soko la pamba, na baadaye kuenea kwa wakulima wadogo wanaouza miwa viwandani, kuliufikisha hadi mlangoni pa nyumba za kijijini. Muwa hausubiri likizo. Hukatwa na kupakiwa karibu mwaka mzima, kila lori linapofika. Tena kazi yake hulipwa taslimu na kwa siku, mara nyingi na mtu asiye mzazi wa mtoto. Mvulana wa darasa la tano au la sita anayejua kushika panga anaweza kurudi jioni na fedha yake mkononi. Mtoto wa enzi ya pamba alikosa shule kwa sababu nyumba yao ilimhitaji. Huyu anakosa kwa sababu amepata mwajiri. Kurekebisha kalenda ya masomo ili ifuate misimu, pendekezo ambalo hurudi kila baada ya miaka michache, lingewafaa watoto wa pamba, na bado linawafaa wanaofukuza ndege katika mashamba ya mpunga ya Butaleja, kwani mpunga una msimu. Kwa watoto wa miwa halina maana.

Pamoja na shamba kuna chakula. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, miaka 30 baada ya Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 kuweka wajibu kama huo. Sheria hiyohiyo ilikataza karo katika shule za mpango huu na kumwachia mzazi jukumu la chakula na mavazi. Kisheria mgawanyo huo unaeleweka. Katika siku ya shule, unaigawa siku yenyewe mara mbili. Mtoto asiye na chakula huja asubuhi, huandikwa kuwa amehudhuria, huondoka saa saba mchana, na wengi wa aina yake hawarudi. Mahali ambapo rejista huitwa asubuhi tu, mtoto huyo amehudhuria mwaka mzima na amesoma nusu yake.

Kuhusu wasichana nitasema kwa ufupi, kwani wengine wamelieleza vizuri zaidi. Utafiti uliofanyika katika shule nane za wilaya ya Kamuli na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mahudhurio ya wasichana yalizorota kadiri muda ulivyokwenda, na yalizorota zaidi pale ambapo hawakupewa taulo za hedhi wala mafunzo ya balehe.

Mwalimu naye

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba mtoto akifika shule hufundishwa. Ulinganisho wa nchi sita zinazoendelea uliochapishwa mwaka 2006, ambao watafiti wake walifika shuleni bila taarifa, uliwakuta asilimia 27 ya walimu wa shule za msingi wa Uganda hawapo. Ilikuwa idadi kubwa kuliko zote sita. Sababu hazikuwa uvivu peke yake: umbali, nyumba za walimu zisizokuwepo, mishahara inayofuatwa mjini, na shamba la mwalimu mwenyewe, ambalo lina palizi kama la mzazi wa mwanafunzi wake.

Hapa ndipo utafiti wa Busia ya Kenya unapotufaa. Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 ambamo watoto walipewa dawa za minyoo kuanzia mwaka 1998, na mwaka 2004 wakachapisha matokeo: kutohudhuria kulipungua kwa robo. Matokeo hayo yalisafiri dunia nzima, na mwaka 2015 yalizua mjadala mkali wa kitakwimu ambao haujaisha. Kisichosafiri mbali ni sentensi yao nyingine, kwamba hawakuona dalili ya alama za mitihani kupanda. Watoto walikuja zaidi, na alama zikabaki palepale.

Kwa mtu anayeamini kwamba mahudhurio huzaa ufaulu moja kwa moja, hilo ni fumbo. Kwa mtu aliyekaa katika shule ya kijijini ya upande wowote wa mpaka, si fumbo kubwa. Mahudhurio ya mwanafunzi ni nusu ya miadi. Mtoto aliyeletwa darasani kwa dawa, kwa uji au kwa amri ya mtendaji, akakuta mwalimu hayupo au watoto 100 wamebanana mbele ya ubao mmoja, amehudhuria mahali lakini hajahudhuria somo. Nadhani pia kwamba mtoto hujifunza haraka kama siku yake shuleni ina thamani, na asipoiona thamani hiyo huipeleka siku kwenye miwa. Kutohudhuria kwa mwalimu ni sababu ya kutohudhuria kwa mwanafunzi, na kuvishughulikia katika idara mbili tofauti za wizara ni kosa la kiutawala lenye gharama.

Mtihani huwapima waliobaki

Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda liliundwa kwa sheria mwaka 1983, likirithi kazi iliyokuwa ya baraza la pamoja la Afrika Mashariki. Mtihani wake wa darasa la saba una masomo manne, na mtahiniwa bora hupata jumla ya alama 4, dhaifu kabisa 36. Wilaya hupangwa, shule husifiwa au kuaibishwa, na magazeti hujaa picha za vinara. Ni mtihani huu unaotumiwa kuonyesha athari ya mahudhurio kwa ufaulu, ingawa umeumbwa kwa namna inayoificha. Waliokosa shule kuliko wote hawapo katika matokeo. Walikwisha toka darasa la tatu au la tano. Waliosajiliwa kufanya mtihani na hawakutokea hupewa alama ya kutokuwepo, lakini hao ni wachache walioanguka hatua ya mwisho.

Inafuata kwamba shule inayowapoteza wanafunzi wake dhaifu mapema inaweza kupanda katika orodha, na ile inayowang'ang'ania inaweza kushuka. Sera ya kuwapandisha watoto madarasa moja kwa moja, iliyoanza mwaka 2005, ililenga kuzuia upotevu huo. Ililaumiwa kwa kushusha viwango. Sehemu ya lawama hiyo ilitokana na ukweli kwamba watoto ambao zamani wangetoweka kimyakimya sasa walionekana. Tathmini ya Uwezo, iliyoanza mwaka 2009 katika Kenya, Tanzania na Uganda, ilichukua njia nyingine kwa kuwapima watoto majumbani. Aliyekosa shule siku hiyo, na aliyeiacha kabisa, walipimwa pamoja na wenzao.

Kisha zikaja siku ambazo hakuna aliyehudhuria. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, zikafunguliwa kwa sehemu na kufungwa tena, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Karibu miaka miwili ilipita. Katika Busoga watoto wengi waliokuwa wakienda kwenye miwa kwa siku mojamoja walikwenda kwa miezi, na baadhi ya wasichana waliokuwa darasa la sita walirudi wakiwa mama, au hawakurudi. Shule zilipofunguliwa, majina yaliandikwa upya, hivyo aliyeondoka kati ya mwaka 2020 na 2022 hayumo katika rejista ya mwaka wowote kama mtu aliyekosekana. Anayetaka kujua idadi yao kijiji kwa kijiji bado anaweza kuziweka rejista za muhula wa kwanza wa 2020 kando ya zile za muhula wa kwanza wa 2022 na kusoma jina kwa jina. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala kompyuta. Inahitaji ifanyike sasa, kwa kuwa daftari hizo ni za karatasi, zinawekwa katika makabati ya ofisi ambazo paa zake huvuja, na hakuna waraka wowote ninaoufahamu unaomtaka mwalimu mkuu azitunze zaidi ya ukaguzi unaofuata.